Aliyeona Maji Yakiwaka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja amechuchumaa nje ya banda la mabati, tupa mkono wa kulia, chupa ya siki mkono wa kushoto. Mbele yake kuna rundo la vyuma chakavu: vifuniko vya injini, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka. Anaokota kipande, anakikwangua kwa tupa mpaka king'ae, anakidondoshea siki, kisha anainama kukitazama kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Kikinyamaza, anakitupa kulia. Kikitoa povu, anakibeba kwa vidole viwili hadi kwenye debe lenye mfuniko, mbali kabisa na mkaa.

"Huyu ni yule yule," anasema. "Mwepesi, mweupe, anajifanya alumini. Ndiye aliyenichukulia jicho."

Majirani humwita Mama Sufuria. Ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu za udongo kutengeneza sufuria, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jicho la kushoto halioni. Ngozi ya upande huo imekunjamana hadi shingoni. Mdomo ulibaki salama, na anautumia kwelikweli.

Anayeingia bandani kwake hushtushwa kwanza na kitu ambacho hakipo. Mahali panapowaka moto kutwa nzima, hakuna hata ndoo moja ya maji. Kuna mapipa mawili ya mchanga mkavu tu.

Zamani ndoo ilikuwepo mlangoni. Aliyeijaza kila asubuhi ni wifi yake, dada wa marehemu. Walifanya kazi wawili, maana chungu kikubwa cha kuyeyushia hakinyanyuki bila watu wawili, mmoja kila upande wa koleo.

Miezi kumi na minne iliyopita, muuza chakavu aliwaletea makasha ya misumeno ya mashine ya kukatia magogo. Mama Sufuria akayatia chunguni pamoja na mengine. Muda si muda ukapanda moto mweupe, mweupe wa kuumiza macho.

"Nikajiuliza, mbona leo humu kuna radi? Wifi akaona moto unanijia, akamwaga ndoo nzima. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Si ungemwaga maji?"

Maji yalipogusa moto ule, ukalipuka. Mabati mawili ya paa yaling'oka. Watu wa ng'ambo ya barabara walidhani transfoma imepasuka.

"Niliona maji yanawaka," anasema taratibu, na mpaka leo uso wake unaonyesha hajayazoea maneno hayo. "Niliyaona kwa macho yangu, wakati huo nikiwa bado nayo mawili."

Alilazwa wiki sita. Wifi hakuungua hata unywele, na hilo ndilo lililomwangusha. Alikuja hospitalini mara moja, akasimama mlangoni mwa wodi, akageuka. Kwa watu alisema jambo moja tu: amemmwagia wifi yake moto.

Akaacha kazi. Wawili walikuwa wakitoa sufuria kumi na nane kwa siku. Peke yake, Mama Sufuria anatoa sita, tena ndogo. Chungu kikubwa kimefunikwa gunia tangu siku ile.

Aliyemfumbua macho ni mwalimu wa kemia wa shule ya jirani, alipokuja kununua sufuria. Alikitazama kipande cha kasha kilichosalia, akaomba siki, kikachemka povu.

"Mama, hii ni magnesiamu," alimwambia. "Maji ni oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Magnesiamu inayowaka inayanyang'anya maji oksijeni. Inayobaki ni haidrojeni, nayo ikikutana na moto hulipuka."

"Kumbe wifi aliulisha moto?"

"Aliulisha bila kujua. Shuleni tuna metali nyingine tunaificha ndani ya mafuta ya taa. Hiyo hata juu ya maji baridi hukimbia huku ikiungua."

Mama Sufuria alimwuliza mara tatu kama hatanii.

Mwalimu akamwonyesha jambo la kufanya. Mama Sufuria alipanga glasi nne za maji dirishani kwake, upande wa njia. Katika ya kwanza alitia kipande cha shaba, ya pili msumari, ya tatu alumini, ya nne magnesiamu. Hakumwita mtu.

"Najua wifi anapita pale kila siku. Ningemwita, angekimbia."

Siku ya tano maji ya msumari yalikuwa na kutu. Shaba ilikaa kama ilivyotiwa. Alumini nayo kimya. Mwalimu alisema ina ngozi nyembamba inayoikinga. Kwenye glasi ya nne vipovu vidogo vilijibandika pembeni mwa kile kipande. Wiki ya tatu, wifi alisimama dirishani na kumtamkia neno lake la kwanza baada ya mwaka mzima.

"Hicho cha mwisho mbona kinapumua?"

Mama Sufuria akachukua chupa ya chai, akamimina maji ya moto kwenye glasi ile. Vipovu vikapanda kwa kasi.

"Hapo ni maji ya moto tu, wifi. Siku ile chenyewe kilikuwa kinawaka. Hata angemwaga malaika, kingelipuka."

Wifi alikaa kizingitini akalia mpaka maji ya glasi yakapoa.

Leo ni asubuhi yake ya nne kurudi. Ameketi nje ya mlango wa banda, hajavuka ndani, na chupa ya siki imehamia mkononi mwake. Shule ya mwalimu imeagiza sufuria kubwa kumi na mbili, na bila chungu kikubwa hakuna hata moja.

"Ijumaa tunakinyanyua," Mama Sufuria anamwambia.

"Nitakinyanyua nimefumba macho."

"Basi tutakuwa na jicho moja kwa watu wawili."

Wifi anacheka akiziba mdomo. Kisha anaokota kipande alichokwisha kukipima, anakikwangua upya upande wa pili, anadondosha siki na kusubiri. Kimenyamaza. Anainuka, anavuka kizingiti na kukiweka mwenyewe kando ya mkaa.

"Ijumaa saa ngapi?" anauliza.