Mwezi wa Kutafuna Mwamba

Siku yangu ya kwanza kazini iliangukia siku ya kwanza ya Ramadhani. Nilitoka Ilala kwa miguu, nikakatiza Kariakoo ambako wachuuzi walikuwa wakishusha mihogo ya futari, hadi Mchafukoge, kwenye ofisi yetu ya kutafuta mafuta. Huko ndiko vipande vya miamba iliyochimbwa kusini vilikoletwa, vimefungwa kwenye vifuko vya kitambaa.

Nyinyi vijana mna mashine. Sisi tulikuwa na meno. Tulitafuta mwamba chanzo, yaani tope la kale lililotuama chini ya maji yasiyo na hewa, likafukiwa pamoja na mabaki ya viumbe na kupikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi likatoa mafuta. Moto ukiwa haba halitoi kitu. Ukizidi linaungua, kama wali. Hatua ya kwanza ilikuwa kutafuna kipande: kikikwaruza kina mchanga, kikiwa laini ni tope safi.

Mjiolojia Mkuu, Mchaga wa makamo asiyecheka ovyo, aliniwekea kipande cheusi kiganjani.

"Tafuna, binti."

Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na wadogo zangu walinitegemea mimi tu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Samahani mzee, nimefunga."

Alinitazama, akakichukua kile kipande, akakitia kinywani mwake. "Laini. Andika."

Ikawa hivyo kila siku. Yeye anatafuna na kusema, mimi naandika, kisha naupasha moto unga wa mwamba kwenye kichupa cha kioo kuona kama utatoa mafuta. Alasiri ananifukuza: "Nenda bwana, mihogo itakwisha sokoni!" Nilimpenda kama baba, wala sioni haya kusema.

Wiki ya mwisho ya mfungo alikuja Mkurugenzi, akatukuta katika hali hiyo.

"Sasa huyu kazi yake nini? Tafuta mwingine anayeiweza."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema mzee, vumbi jeusi likiwa bado midomoni, "mwamba huu umesubiri tangu kabla ya wanadamu. Sisi tutashindwa kusubiri Idi?"

Mkurugenzi akaguna. "Haya. Mpaka Idi."

Baada ya sikukuu nilitafuna mwenyewe, na miezi michache baadaye nikathibitishwa kazini.

Nilistaafu bila kuona kisima chetu hata kimoja kikitoa mafuta. Kariakoo wananitania hadi leo: "Mama Mafuta, yako wapi?" Nacheka nao. Ila wajukuu wakiniuliza nilipata nini huko, nawaambia nilimpata Mkristo mmoja aliyekula mawe mwezi mzima ili saumu yangu itimie.