Mvumo wa Santuri kule Ruziba

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Sinywi mimi, majirani zangu wa mtaa wa Jabe wanajua, na saa zenyewe zilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka. Wala sikuhadithiwa na mtu. Mkono uliogusa kile chuma ni huu hapa.

Mimi ni fundi wa redio. Siku hizi watu wamezirudia mashine za santuri, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: spika zinavuma, vuuuu, mpaka wimbo husikii. Dawa ni waya wa masi, ule unaoshushwa ardhini. Fundi anagusa chuma cha mashine kwa kidole. Mvumo ukikata, basi masi haipo. Tungepaswa kuchomoa umeme kwanza na kupima, lakini nani ana subira hiyo? Sote tunagusa tu.

Siku hiyo mzee mmoja alinipigia simu kutoka Ruziba, pembezoni mwa mji. "Fundi, mashine yangu inavuma. Mulango iko wazi, we ingia tu. Miye siwezi kuamka."

Nikajua ni mgonjwa wa miguu. Nilivua kandambili mlangoni kwa heshima ya zulia, nikamkuta ameketi kando ya mashine, kidole juu ya chuma. Wimbo ulikuwa safi kabisa. Nikamtania, "Mzee, ugonjwa uko wapi?" Akainua kidole kidogo tu. Wallahi, mvumo ule ulinijaa kifuani mpaka pumzi ikakwama.

"Nishikie hapa, mwanangu, ninywe maji."

Ningemkataliaje mzee? Nikashika. Mvumo ukakata. Akasimama, miguu mizima kabisa, machozi yanamtoka. "Unisamehe," akasema. "Na miye waliniita hivi hivi." Akavaa kandambili zangu, akaenda zake.

Nilicheka, niamini. Kisha nikainua kidole, nikaanguka magoti, hewa haiingii. Nikakirudisha, nikapumua. Kwa meno na mkono wa kushoto nilifunga waya kutoka kwenye chuma mpaka nondo za dirisha. Haukusaidia kitu. Nikachomoa umeme kwa mguu, santuri ikaendelea kuzunguka. Mashine ile haikutaka waya, ilitaka mtu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Watu walikuwa wanapita nje na majembe yao, nawaona dirishani, na hakuna aliyegeuka.

Simu ilikuwa mfukoni. Unadhani nilimpigia nani? Nilimpigia Idi, fundi mwenzangu, tuliyekula naye sahani moja miaka yote. "Idi, njoo Ruziba, kuna mashine inavuma. Mulango iko wazi."

Alikuja mbio, anavua viatu anacheka. "Kumbe masi tu ndiyo inakushinda weye?" Sikumwonya. Aligusa mwenyewe, kama kila fundi, na mimi nikanyanyua kidole changu, nikatoka nje bila kumtazama usoni.

Jioni roho iliniuma, nikarudi na wanaume watano. Nyumba ipo, zulia lipo. Mashine hakuna, Idi hakuna.

Tangu siku ile namba yake hunipigia kila siku saa nane. Sipokei. Naogopa kumsikia. Wiki iliyopita mkewe, Mama Zawadi, alikuja kwenye meza yangu ya ufundi, anang'aa kwa furaha. "Idi amenipigia! Anasema niende kule Ruziba, ni mugonjwa, hawezi kuamka."

Nikamweleza yote, mbele za watu. Aliniuliza swali moja tu.

"Ni weye ulimwita?"

Nikasema ndiyo. Hakunitukana, na Ruziba hakwenda. Lakini sasa kila mchana anakuja kukaa mbele ya meza yangu, na tunaisikiliza simu inavyoita, sisi wawili, mpaka ikate.

Basi wewe unayenisikia, chomoa umeme kabla hujagusa chuma cha mtu. Akikuomba umshikie kidogo tu, mkatalie, hata akilia. Na ukishashika, nakusihi, usimwite mtu anayekupenda, maana atakuja. Idi alikuja kwa mguu kutoka Jabe, kwenye jua lile, hakuniuliza hata atalipwa nini.