Kile kimya kwenye wimbo wa mdogo wangu Festo

Wakuu, poleni na baridi. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mnivumilie. Chumvi sitaongeza hata punje.

Mdogo wangu Festo alikuwa mwanamuziki. Kwetu ni Yakobi, Njombe. Alichukua nyimbo za Kibena ambazo kina mama huimba wakilima, akazipigia gitaa la umeme linalokoroma. Mwenyewe aliita folk rock. Majirani waliita kelele.

"Festo, hilo gitaa lina mafua?"

"Baridi ya Njombe hiyo, shangazi!"

Akahamia Makambako. Huko madereva wa malori wakampenda, nyimbo zake zikasafiri kwenye flash hadi mpakani. Kila wikiendi ana show.

Ila wimbo wake mkubwa ulinichanganya. Anaimba mstari, kimya. Mstari, kimya. Mashabiki wakasema hiyo ndiyo experimental. Mimi nilidhani anasahau maneno. (Ujana wangu uliishia kwenye kupasua mbao. Festo ndiye mziwanda, mama alilima naye mgongoni.)

Mwaka huu tukamzika. Hapo naruka, wakuu, bado siwezi.

Kwetu kukiwa na msiba redio inazimwa. Mama akalifungia gitaa chumbani, akasema halitoki tena. Nikajua nyimbo za Festo zimezikwa naye.

Siku ya kumaliza matanga akaja Shabani, mpiga drums wake, na spika.

"Mama, wimbo mmoja tu tumuage. Ukikataa, naondoka nayo."

Mama akajifunga kitenge vizuri. "Haya. Mmoja."

Gitaa likakoroma. Festo akaimba mstari wake. Kimya kikafika.

Wakuu, MAMA AKAITIKIA!

Mstari wa pili, wakaitikia wanawake wote waliokuwa wanamenya viazi. Wimbo wa kulima una anayeanzisha na wanaoitikia, na Festo alikuwa amewaachia nafasi yao. Sauti zao ziliingia pale bila kuzidi wala kupungua. Nililia huku nacheza!

Mama akafuta macho. "Kumbe huyu mtoto alikuwa ananisubiri." Akaenda chumbani, akarudi na gitaa. "Shabani, lini tunakwenda Makambako?"

Jumamosi iliyopita alipanda jukwaani na kitenge chake, sauti ya Festo ikitoka kwenye spika. Ukumbi mzima ukaitikia.

Nilichojifunza: nilimwona mdogo wangu anakosea, kumbe mimi ndiye sikujua pa kuingilia.

Kwenu mkilima mnaitikiaje? Andikeni hapa. Mama amekaa pembeni yangu, anataka nimsomee.