Mrija wa Thelathini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kule Nzahaha, Rwanda, sikuonyeshwa hadubini wala mashine yoyote. Titulaire, yaani mkuu wa kituo, alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha maabara, akatazama viatu vyangu vipya, kisha akaanza kunifundisha kusalimia.

"Weye umetoka Bukavu, unapenda kusalimia batu," alisema kwa Kiswahili cha mpakani. "Hapa utaacha. Ukikuta mugonjwa wako ku soko ao ku kanisa, usimusalimie wa kwanza. Ngoja yeye. Asipokusalimia, umupite sawa haumujue."

"Na akiwa jirani, Titulaire?"

"Hata jirani. Batu bote banajua unapima nini."

Nilicheka moyoni. Nimezaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, na kwetu mtu asiyesalimia anaulizwa kama amefiwa. Lakini wakati ule, nilipokuwa napima damu ya Ukimwi, aliyesalimiwa na mwanamke wa maabara alikuwa anaulizwa amejuana naye wapi. Nikaishika sheria ile. Niliishika vizuri mno, na ndiyo sababu naandika haya.

Kutoka Nzahaha nilipelekwa Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe. Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe na kungoja majibu hamwezi kujua tabu ya damu ya Bweyeye. Tuliitoa asubuhi, tukaipanga kwenye kisanduku cha barafu, ikasafiri kwa pikipiki juu ya mashimo hadi mjini. Wagonjwa walitembea saa nyingi kuja kwangu, na wakati wa kurudi tulipokutana njiani waligeuza nyuso kutazama miti. Nami nikatazama miti. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, binti yangu anasoma Kigali. Kuna wiki nzima niliyoongea na sindano tu. Upweke ule uliniuma, siwezi kusema vinginevyo, ila niliuhesabu kuwa sehemu ya kazi.

Baadaye nikahamishiwa hospitali ya mjini, Kamembe. Mkuu wa maabara wa pale, tuliyemwita Chef, alikuwa mkali kuhusu mikono yetu. Hakujali umesoma wapi, alitazama unavyovuta damu. "Damu ikikimbizwa inasema uongo," alikuwa akituambia. Maana yake ni hii: ukivuta kwa pupa, au ukiutikisa mrija, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga yaliyomo ndani, na kipimo kitakachofuata kitakudanganya. Alimwaga mirija yangu mara mbili mbele ya wenzangu. Nilimchukia mwezi mzima, kisha nikawa namwaga ya wengine.

Mjini ndiko nilikopata rafiki, Maman Solange. Alikuwa jirani yangu na tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi sauti inayosaidia wanaosahau. Kila Jumamosi sokoni nilimpigia kelele tangu mbali: "Maman Solange, unanunua soko yote, sisi tutakula nini?" Naye alinijibu kwamba watu wa maabara hula damu, hawahitaji mboga. Wauza nyanya walituzoea, nami wakaniita Maman Labo, mama wa maabara. Baada ya miaka ya Bweyeye, kelele zile zilikuwa chakula changu.

Ndipo akaja Daktari wa utafiti kutoka Kigali. Alikuwa na swali moja: mbona baadhi ya watu wenye virusi vya Ukimwi, wanaomeza dawa vizuri, ambao virusi vyao havionekani tena katika kipimo, bado miili yao inachoka na kuzeeka mapema? Alitaka kupima kitu ambacho kwa Kifaransa tulikiita stress oxydatif, mkazo wa oksidi. Alitueleza hivi. Mwili hutumia oksijeni kama jiko linavyotumia makaa: kuna joto, na kuna cheche. Mwili wenye nguvu huzizima cheche zake. Lakini virusi, hata vikilala, huacha uvimbe mdogo wa ndani usiokwisha, na cheche zinaweza kuwazidi wazimaji. Zikizidi, huunguza mafuta yaliyo kwenye kuta za seli, na mabaki yake huelea katika damu.

Mabaki hayo ndiyo tuliyoyatafuta. Mgonjwa alikuja bila kula, akapumzika kwanza. Damu ilifichwa mwanga, ikawekwa baridini, ikazungushwa upesi ili majimaji ya manjano, yaani plasma, yajitenge. Tukayachanganya na asidi, tukachemsha, na rangi ya waridi ikatokea. Rangi ikikolea, uharibifu ni mwingi. Mirija haikuwa na majina, ila namba tu.

Asubuhi moja aliingia Maman Solange na karatasi ya utafiti mkononi. Sikujua kwamba naye ana virusi. Kumbe miaka yote alikuwa akivuka daraja la Rusizi kuchukua dawa Bukavu ili huku asijulikane, na mpaka wa nchi ulipoanza kusumbua akahamisha faili lake kwetu.

"Ni weye utanitoa damu?" aliuliza.

"Ni mimi. Kama unataka mwengine, nitamuita."

Akakaa, akakunja mkono wa blauzi. "Hapana. Afazali weye. Fanya kazi, usiniambie kitu."

Nilivuta polepole, kama Chef alivyotaka. Akawa namba thelathini na moja. Virusi vyake havikuonekana kabisa, lakini waridi la mrija wake lilikolea kuliko la mirija mingi iliyokuwa kwenye kibao. Nikaandika namba, nikachukua mrija mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilimwona sokoni na wanawake watatu wa kwaya, kwenye meza ya ndagala, yaani dagaa. Kelele zangu zilifika kooni. Kisha nikamsikia akilini Titulaire wa Nzahaha: hata jirani. Sasa alikuwa mgonjwa wangu. Nikainamisha kichwa, nikampita kama nisiyemjua, moyoni nikijisifu kwamba namlinda.

Nyuma yangu mmoja akasema, "Eh! Maman Labo amemupita Maman Solange? Banagombana?"

Mwingine akacheka kidogo. "Bagonjwa yake njo anapitaka vile."

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliyelinda siri za vituo vitatu kwa kufunga mdomo, nilitoa siri ya rafiki yangu kwa kuufunga. Kama ningepiga kelele zangu za kila wiki, hakuna ambaye angegeuka.

Alikuja kwangu kesho yake baada ya ibada. Hakukaa.

"Ungenitukana ku soko, ingekuwa muzuri zaidi," alisema.

"Nilifuata sheria ya kazi, Maman Solange."

"Sheria ya nani? Mimi nilikuwa rafiki yako mbele ya kuwa namba."

Akageuka, akaenda zake. Katika kwaya walianza kumwachia nafasi kwenye benchi, pana kuliko inayohitajika, na baada ya majuma machache akaacha kuja.

Miezi sita baadaye utafiti ulitaka damu ya pili. Alikuja, kwa sababu alikuwa amemwahidi Daktari, lakini aliomba atolewe na mwenzangu. Mimi nilipokea mrija tu. Waridi lilikuwa limekolea zaidi. Nikadhani nimekosea kuchemsha, nikarudia, ikawa vilevile. Nikaenda kwa Daktari nikamuuliza kama mtu anaweza kuungua ndani kwa sababu ya aibu, kwa sababu ya kutengwa.

"Maman, kipimo hiki hakisemi kwa nini, kinasema kiasi," alijibu. "Moshi, pombe, njaa, kukosa usingizi, ugonjwa mwingine, hata dawa zenyewe. Na mtu mmoja si ushahidi."

Nilitaka aniambie kwamba si mimi. Hakuniambia. Alikuwa mwanasayansi mzuri.

Maman Solange alihama mwaka uleule, bila kuaga. Nikafanya kazi mpaka nikastaafu, wakanipa kitenge na hotuba, na Chef, mzee sasa, akasema mikono yangu haikuwahi kukimbiza damu. Ni kweli. Sasa naishi peke yangu Kamembe, na watu wengi bado hawanisalimii, kwa mazoea. Enyi mnaovaa koti jeupe leo, siri ya mgonjwa ilindeni kwa nguvu zote. Lakini mliyemsalimia jana, msalimieni na leo, kwa sauti ileile. Nani angenifundisha hilo, na Titulaire naye alikuwa akijitahidi tu?

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Giheke kununua maharage. Nyuma ya gunia alikaa Maman Solange, uso mzuri, amenenepa kidogo, na pembeni yake mwanamke nisiyemjua akimchekesha. Safari hii sikungoja. Niliita tangu mbali, mbele ya soko zima: "Maman Solange!"

Aliinua macho. Kicheko kikakatika.

"Unamujua uyu maman?" mwenzake akamuuliza. "Si njo ule wa labo ya Kamembe?"

Maman Solange alinitazama. "Hapana," alisema. "Simujue."

Nikaelewa kwamba Giheke hawajui lolote, na kwamba maisha yake yote mapya yalikuwa yanangoja mdomo wangu.

"Unisamehe, maman," nikasema. "Nimekufananisha na muntu mwengine. Macho imezeeka."

"Haina shida, Bibi," akajibu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nikaomba kilo mbili. Mwenye kufahamika sokoni huongezwa konzi moja juu ya kipimo. Aliyapima maharage yangu mpaka mshale uliposimama sawasawa, akayamimina kwenye mfuko wangu wa sokoni, akamgeukia mteja mwingine.