Fundi Aliyeubomoa Mji wa Tangini

Babake Titus Were alihama Khwisero mwaka wa 1965. Huko shamba la ukoo lilikuwa limegawanywa hadi mtu akigeuza jembe anakata mahindi ya nduguye. Serikali ilipoanza kugawa mashamba ya walowezi kule Lugari, alibeba mke na watoto, akapata shamba kando ya stesheni ndogo iliyoitwa Tangini.

Tangini ililetwa na maji. Garimoshi la zamani lilihitaji kunywa, kwa hiyo reli ilipitishwa bondeni karibu na mto, likajengwa tangi. Mzungu akaleta mahindi yake hapo yapakiwe. Mhindi akafungua duka, na soko likafuata. Titus alikulia humo, akajifunza uashi, na kwa miaka ishirini alijenga maduka kumi na moja, kanisa, na nyumba ya kinu cha jirani yake Barnaba.

Kisha treni ya abiria ikakoma. Watu wakasema itarudi. Badala yake ikaja habari ya lami, ukaitishwa mkutano. Titus alisimama mbele ya injinia.

"Sisi ndio mji, bwana injinia. Barabara itupitie sisi."

Injinia, kijana mpole, akatandaza ramani. "Mzee, huku chini ni kinamasi. Nitahitaji madaraja matatu. Barabara itafuata mgongo wa kilima."

"Na watu?"

"Watu watafuata barabara."

Ilikuwa kweli, na Titus hakumsamehe kwa kuisema.

Lami ilipita juu, kilomita tatu kutoka Tangini. Kabla haijakauka, ploti zote za pale njia panda zilikuwa zimenunuliwa na watu wa Eldoret. Titus alikwenda kuomba kubadilishana kipande chake cha bondeni na ploti moja tu. Walimcheka.

Barnaba ndiye aliyetangulia kuja. "Fundi, nataka unibomolee nyumba ya kinu. Nimekodi mahali huko juu, nitajenga kwa matofali yaleyale."

"Mimi najenganga, Barnaba. Sibomoangi."

"Basi nitaita vijana na nyundo zao. Nusu ya matofali itavunjika."

Titus hakulala vizuri siku hiyo. Asubuhi alipanda ukutani na tindo, akayatoa matofali moja baada ya jingine bila kuvunja hata kumi. Alijua kila ukuta ulipolegea kwa sababu yeye ndiye aliyeusimamisha. Sifa zikaenea, na wenye maduka wakamjia wote. Akawa anabomoa chini, anajenga juu, mpaka Tangini ikabaki misingi mitupu inayoota nyasi.

Mkewe, Awinja, aliketi na sukuma wiki yake miezi mitatu bila wateja.

"Baba Ayuma," akasema, "mboga haiuzwi kwa nyasi." Akapanga chumba njia panda, akaenda.

Mwisho likaja kanisa. Mchungaji aliomba kwanza, kisha akamkabidhi Titus ngazi. Siku ya tatu ukuta wa mbele ulianguka kabla ya wakati, ukamvunja nyonga. Gari halikuweza kuteremka, njia ilikuwa tope tupu. Waumini wakang'oa mlango wa kanisa, wakamlaza juu yake, wakampandisha kilima begani, huku akilia kwa maumivu na aibu.

Alitoka hospitalini Kakamega na magongo. Kanisa jipya lilimaliziwa na mafundi wengine kwa matofali yake. Siku ya kulifungua, wageni walishukuriwa mmoja mmoja. Yeye hakutajwa, na hakuwepo. Magongo hayapandi kilima kile.

Sasa Tangini ina nyumba nne. Awinja huteremka Jumapili baada ya ibada, afue, apike, kisha arudi kabla ya mvua ya alasiri.

"Ule ukuta wa madhabahu umepasuka tayari," alimwambia Jumapili iliyopita.

"Hawakupima," Titus akajibu. "Walikuwa na haraka."

"Hamia juu, Baba Ayuma. Utakufa peke yako huku."

"Niingie nyumba gani? Nimejenga mji mara mbili. Nionyeshe mlango mmoja wenye jina langu."

Awinja akafunua sufuria. Maji yalikuwa yamechemka. Alimimina unga, akashika mwiko, akaanza kusonga obusuma wa mtu mmoja.