Stempu za Mamilioni

Karatasi ya zamani ikiloweshwa katika maji ya uvuguvugu hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: kidogo ya unga uliokaa sana ghalani, kidogo ya kutu, na utamu hafifu wa gundi inayoyeyuka. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na moja, hapahapa Tabora, kiangazi kile ambacho baba alihamishiwa stesheni ya Kaliua. Mama alimfuata pamoja na wadogo zangu, nami nikaachwa kwa bibi mzaa baba ili nisikatize masomo. Bibi Eliseba alikuwa mjane, muumini wa Kanisa la Moravian tangu kuzaliwa, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa taratibu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na ndani yake kulikuwa na meza kubwa ya mninga ambapo sote tulikula pamoja, wanaume, wanawake na watoto. Wageni walishangaa kidogo kuona hivyo, maana katika nyumba nyingi za majirani wanaume walikula peke yao barazani. Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Mtoto hudhani mambo ya kwao ndiyo mambo ya dunia nzima.

Rafiki yangu mwaka ule alikuwa Zuwena, tuliyekaa naye dawati moja. Baba yake aliuza vitambaa mjini na alikuwa na ndugu Bujumbura na Maskati, kwa hiyo barua zilifika kwao karibu kila wiki. Zuwena ndiye aliyeanza kukusanya stempu, nami nikamuiga. Tulizibandika kwenye madaftari ya shule kwa uji mzito wa muhogo, na panya wakatutafunia kurasa mbili kabla hatujajua kwamba uji ule ni chakula kwao. Zuwena alikuwa na stempu za ngoma za Burundi, za masultani wenye vilemba na za meli. Mimi nilikuwa na twiga, pundamilia na Mwenge, zilizotoka kwenye barua za baba, na kila mtu darasani alikuwa nazo. Nilipomwomba tubadilishane aligeuza kurasa za daftari langu polepole, akalifunga, akasema kwa upole kwamba atangoja nipate kitu. Upole huo uliniuma kuliko kama angenicheka.

Wiki mbili baadaye Bibi alisafiri kwenda Urambo kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Aliniacha chini ya uangalizi wa shangazi, aliyekaa nyumba ya pili katika ua uleule. Asubuhi ya siku ya pili kulikuwa na upepo wa baridi, shangazi akaniambia nikachukue sweta kwenye sanduku la Bibi la bati. Nilitoa sweta, na chini yake nikaona kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Ningeweza kukiacha. Nilikifungua. Ndani mlikuwa na bahasha tano kuukuu, na nikiri kwamba sikutazama maandishi yake, nilitazama pembe tu. Tatu zilikuwa na stempu za kawaida, zenye rangi iliyopauka. Ya tano ilikuwa na stempu moja ndogo yenye namba kumi. Lakini ya nne ilikuwa imejaa stempu mbele na nyuma, zimebanana hadi zimeacha nafasi kidogo tu ya anwani. Zilikuwa za rangi nyekundu iliyoiva, kila moja na namba mia mbili, na juu ya namba hiyo, kwa wino mweusi uliokolea, ilikuwa imepigwa chapa ya pili: 2 Millionen. Sikujua Kijerumani, lakini neno lile halikuhitaji mkalimani. Nilihesabu stempu kumi na nane.

Zuwena alipofika mchana nilimwonyesha, naye akazihesabu upya kwa kidole. Kisha akasema kwamba mtu mwenye stempu hizi ni tajiri, pengine kuliko baba yake. Tulikaa nyuma ya jiko tukigawana utajiri huo: yeye atanunua baiskeli, mimi nitamnunulia mama cherehani, halafu tutapanda treni daraja la kwanza mpaka Dar es Salaam, bila kushuka hata kwenye stesheni ya Tura kununua asali. Nikamwahidi nne kati ya zile kumi na nane. Nilimimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kuogea, nikaizamisha bahasha yote kama tulivyofanya siku zote, nikaamini kwamba ni tupu kwa sababu ilikuwa nyembamba.

Haikuwa tupu. Stempu zilianza kujiachia moja moja, tukawa tunashangilia, na ndipo maji yakawa ya zambarau. Zuwena ndiye aliyeona kwanza. Nilipoinua bahasha, ilichanika mikononi mwangu kama mkate uliochovywa kwenye chai, na katikati yake ikatokea karatasi nyembamba iliyokunjwa mara tatu, wino ukiitoka kwa michirizi. Tuliitandaza juu ya kanga juani. Ilipokauka, maneno yaliyosomeka yalikuwa machache, yametawanyika huku na kule: asali. Asubuhi. Mezani. Na karibu na mwisho, unisamehe. Zuwena alikusanya stempu zote kumi na nane, akaziweka kwenye sahani, akasema hazitaki tena zile nne. Akaenda kwao.

Siku mbili zilizofuata sikuonja raha ya chakula. Nilifikiria kukifunga kitambaa na bahasha nne na kungoja, pengine Bibi asingefungua sanduku lile mpaka nimeshakuwa mtu mzima. Nilifikiria kupanda treni kwenda Kaliua kwa baba. Lakini Bibi aliporudi, mchana wa Jumamosi, akiwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope, nilimpokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kuniona kiasi kwamba nilishindwa kuendelea kuficha. Nilimletea sahani ya stempu na karatasi ile, nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti.

Hakunipiga. Aliichukua karatasi, akaipeleka karibu sana na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Akaniuliza ilikuwa ipi. Nikasema ile yenye stempu nyingi. Aliketi kwenye kigoda, akiipapasa karatasi ile kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta tundu kwenye kitambaa. Mwishowe akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Macho yangu hayasomi tena, Sofia. Huu mwaka wa tatu. Kanisani nafungua kitabu cha nyimbo kwa sababu wenzangu wanafungua."

Nilikuwa nimemwona kila Jumapili na kitabu chake, na nilikuwa nimesikia akiimba beti zote. Kumbe aliimba kwa kukumbuka.

"Umeifuta moja," akasema. "Zilizobaki utanisomea."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ndiyo iliyokifanya kiangazi kile kiwe changu. Kila siku baada ya shule, kabla jua halijashuka, nilikaa karibu naye mezani na kusoma. Barua zilikuwa za Kiswahili, lakini cha zamani, chenye tahajia iliyonikwaza, na Bibi alinisahihisha bila kuona kwa sababu aliyakumbuka maneno kabla sijayatamka. Aliyeziandika alikuwa mmisionari Mjerumani, seremala, ambaye watu wa Tabora walimwita Bwana Fundi. Aliyeandikiwa alikuwa Yohana, baba yake Bibi, aliyejifunza useremala kwake kwa miaka sita. Vita kuu ya kwanza ilipofika huku, Bwana Fundi aliondolewa pamoja na Wajerumani wenzake. Akarudi kwao, na baada ya miaka kadhaa akaanza kumwandikia mwanafunzi wake.

Barua ya kwanza iliuliza habari za watu, mmoja mmoja kwa jina, na habari za randa mbili alizoziacha. Ya pili ilieleza kwamba kwao mambo yameharibika, kwamba mtu akipokea mshahara asubuhi hukimbia dukani, kwa kuwa kinachonunua mkate saa hizi, jioni hakitanunua hata kiberiti. Ya tatu ilisema mkewe ni mgonjwa na daktari ameagiza ale vizuri, jambo ambalo, aliandika, ni rahisi kuagiza. Hapo Bibi alinisimamisha. Alisema barua hiyo ilipofika yeye alikuwa msichana mdogo, na anakumbuka baba yake alivyoikunja, akavaa viatu, akaenda kwa warina asali wa upande wa Ntalikwa. Alirudi na asali ya kutosha kujaza makopo mawili ya bati. Akayaziba kwa nta, akayatengenezea kasha la mbao lenye viungo visivyo na msumari hata mmoja, kama alivyofundishwa, akalipeleka stesheni. Majirani walisema ni wazimu. Mweusi wa Tabora, kumlisha Mzungu aliyeko Ulaya?

Nilimuuliza kama ilifika. Bibi akaniambia kwamba jibu lilikuwa kwenye ile barua niliyoiosha.

Naikumbuka aibu ya dakika ile hata leo. Lakini Bibi hakuwa ameyasema ili kuniaibisha. Aliniagiza nilete daftari jipya na kalamu, akanyoosha mgongo, akaanza kuisema. Baba yake, alieleza, aliisoma barua ile kwa sauti kila Jumapili baada ya ibada kwa muda mrefu, mpaka watoto wakawa wanaisema pamoja naye. Bibi mwenyewe alikuwa hajaitamka tangu walipomzika baba yake. Aliisema kwa vipande, akirudi nyuma, akinifutisha neno na kuweka jingine, na tulitumia siku nne kuimaliza.

Kopo moja, aliandika Bwana Fundi, lilivuja njiani na kuwafurahisha sisimizi wa melini. Jingine lilifika zima. Jirani mmoja alitaka kutoa jozi ya viatu ili alipate, Bwana Fundi akakataa. Kila asubuhi alikoroga kijiko kimoja katika maji ya moto akampa mkewe, na watoto wa jengo lile walipanga foleni kwenye ngazi ili walambe kijiko. Mkewe alianza kuketi, kisha kutembea. Aliomba radhi kwa kupamba bahasha namna ile, akaeleza kwamba serikali yao haiwahi tena kuchapa stempu mpya, inapiga tu namba kubwa juu ya zile ndogo, na zile kumi na nane alizinunua na kuzibandika mchana uleule, maana kesho zisingetosha. Kisha ikaja sehemu ambayo Bibi aliisema taratibu, nami nikaiandika neno kwa neno:

"Yohana, miaka sita tulifanya kazi benchi moja, na ilipofika saa ya chakula mimi nilikula mezani ndani, nawe ulikula barazani. Meza ile tuliitengeneza pamoja. Sikuona ubaya wake mpaka nilipokula asali yako. Unisamehe."

Nikaweka kalamu chini. Bibi alisema siku ile baba yake alitoka akaenda kupiga randa mpaka jioni. Chakula kilipokuwa tayari alikataa kuandaliwa barazani. Alimwita mkewe, akawaita watoto, wa kike na wa kiume, akawaketisha wote kwenye meza yake. Watu walimcheka kwa miaka mingi. Hakurudi nyuma, na Bibi alipoolewa meza ile ya mninga ilikuja pamoja naye.

Barua ya tano, ya mwisho, ilikuwa fupi: fedha mpya imetoka kwao, stempu moja inatosha tena, na mkewe anamsalimu Yohana. Stempu nilizibandika mwishoni mwa daftari lile, zote kumi na nane, kwa gundi halisi ambayo Zuwena alininunulia. Alikuja kusikiliza siku ya mwisho, akaketi nasi akala. Baadaye aliwahi kunipa masultani wake wawili bila kudai chochote.

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu wawili. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Dar es Salaam anayejua mambo ya stempu aliniambia kwamba za aina ile zilichapwa kwa wingi sana, hata leo hazina thamani ya maana. Nilimshukuru, nikaona hakuna kilichopungua. Kinachonifikirisha ni kingine. Binti yangu anafanya kazi Mwanza na huniandikia kwenye simu kila siku. Najua amekula nini kabla sahani yake haijaoshwa. Siwezi kulalamikia baraka hiyo, na Bwana Fundi angetoa jozi zote za viatu kuipata. Mwaka jana simu ile ilikufa, na maneno yake ya miaka mitano yakaenda nayo. Nilikaa nikajaribu kuyakumbuka kama Bibi alivyoikumbuka barua. Nilipata mistari mitatu, na mmoja ulihusu umeme kukatika. Nilikuwa nimeyasoma yote mara moja tu, nimesimama, nikiwa na haraka ya kujibu.

Kwa hiyo siku hizi, jioni chai ikishamiminwa, ninayasoma maneno yake ya siku hiyo kwa sauti, polepole, hata yale ya bei ya nyanya. Mume wangu alinitania mwanzoni kwamba nimegeuka redio. Siku hizi, nikichelewa kuanza, huniuliza mtoto amesemaje leo, na akizikosa salamu za mwisho huniambia nirudie.