Mashine Isiyozimwa Miaka Minane

Mtaa mzima ulimwita Prodyuza, ingawa hakuna aliyewahi kusikia kazi yake. Matunda yake pekee yaliyojulikana ni mapacha wawili, na hata hao sehemu ngumu aliifanya mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto.

Chumba cha ndani kilikuwa chake. Humo mlikuwa na kinanda cha umeme chenye vitufe vitatu vilivyofungwa kwa selotepu, na mezani mashine ya ngoma ya zamani, pana kama sinia, yenye vibonyezo kumi na sita vya mpira. Besi aliitoa kwenye kinanda, akizungusha kirungu kimoja cha sauti mpaka sauti ingurume kama friji inayokata roho. Ngoma kubwa ilikuwa mlango wa kabati aliourekodi ukibamizwa. Vyote alivitia ndani ya mashine, akavigonga kwa vidole, akichelewa kidogo makusudi, shingo ikienda mbele na nyuma kama ya bata. Hedifoni masikioni, siku zote.

Ndani ya mashine ile mna betri ndogo mfano wa kifungo cha koti. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu mashine ikizimwa. Betri ikafa. Siku moja umeme ulikatika, na midundo kumi na minne ikaenda na maji. Angeweza kuihamishia mingine kwenye kompyuta kama watu wenye akili zao, lakini kompyuta, alisema, ni mlango wa wezi. Kuita fundi? Fundi naye ana masikio. Basi akaapa mashine haitazimwa tena.

Haikuzimwa miaka minane. Umeme ukikatika, betri ya gari chini ya meza inadaka. Familia haikuwahi kusafiri pamoja, maana lazima mmoja abaki na mgonjwa, yaani mashine. Mama yake Prodyuza alipofariki, mkewe ndiye aliyekwenda kuzika, na mapacha, na salamu mkononi: "Mwambieni kaka nina kazi nyeti, siwezi kutoka." Kaka mtu aliuliza kama mdogo wake ameajiriwa ikulu.

Kisha muuguzi akapata uhamisho, mji wa mbali. Lori lilifika Jumamosi asubuhi.

"Nyie tangulieni," Prodyuza akasema.

"Mpaka lini, Baba Pacha?"

"Nikimaliza albamu."

Mkewe alitoka, akarudi na fundi redio wa pale kona. Fundi aliichungulia mashine, akacheka.

"Kubadilisha betri bila kuizima? Bosi, unaunga nyaya za betri mpya pembeni, ndiyo unang'oa ya zamani. Dakika kumi."

"Tangu lini inawezekana?" mke akauliza.

"Tangu naanza kazi, shemeji. Ila niisikie kwanza. Msije mkasema fundi kala nyimbo."

Akachomoa waya wa hedifoni, akachomeka spika aliyokuja nayo. Ndiyo mara ya kwanza nyumba ile kusikia. Kabati likabamizwa, friji ikanguruma, na mdundo ukatembea kwa maringo ya mtu aliyechelewa na hajali. Ulikuwa mzuri. Hiyo ndiyo habari mbaya. Fundi akaanza kutikisa kichwa, na wapakiaji wakasimama na godoro hewani. Baada ya sekunde nane ukarudi mwanzo. Ukarudi tena.

"Halafu?" mke akauliza.

"Halafu nini?"

"Kinachofuata."

"Hip-hop ndivyo ilivyo, Mama Pacha. Inajirudia, halafu juu yake unajenga."

"Wapi umejenga?"

Fundi akabonyeza uliofuata, na uliofuata. Thelathini na mmoja, kila mmoja sekunde nane.

"Dakika nne na kidogo," mke akasema. Kuhesabu mapigo ndiyo kazi yake. "Umekosa kumzika mama yako kwa dakika nne, Baba Pacha."

Fundi akainamisha kichwa, akafanya kazi yake haraka kama mtu aliyefumania ugomvi. Taa nyekundu ya mashine haikupepesa hata mara moja.

"Tayari, bosi. Zima, washa, ujionee."

Prodyuza akanyoosha kidole mpaka kwenye swichi. Kikaganda hapo.

"Unaogopa itasahau," fundi akauliza, "au itakumbuka?"

"Kuna mmoja nataka niumalizie kwanza."

Mkewe akawageukia wapakiaji. "Pakieni vyote. Meza hiyo iacheni."

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka alipochomoka mlangoni, peku, akipunga mikono. Dereva akafunga breki. Mapacha wakafungua mlango, wakasogeleana, wakamwachia baba yao nafasi.

"Mama Pacha!" alikuwa akihema. "Mita ya umeme imebaki uniti ngapi?"

"Nne na nusu," akajibu, kwa kuwa miaka yote ni yeye aliyekuwa akiisoma. Kisha akamwambia dereva twende.